Muuaji Tumeshamjua, Sasa Tuzungumze

Marafiki wakianza kujadili tamthilia, maneno yao huwa ya aina mbili. Kuna yale ya kabla ya jibu: nani kaua, nani kamtuma, yule mzee mpole wa sehemu ya pili mbona alikuwa na haraka ya kuondoka. Na kuna yale ya baada ya jibu: haya, tumemjua, sasa tunamwonaje? Ya kwanza yana kelele, ubishi na kuwekeana dau. Ya pili huanza polepole, mara nyingi kwa mtu mmoja kusema "lakini hata yeye alionewa," na hapo ndipo watu husahau kwamba walishaaga.

Msimamo wangu ni huu: tamthilia za uhalifu na za kisayansi zinazotoka sasa zipimwe kwa yale maneno ya baada ya jibu. Na ukizipima hivyo, zinazotoboa siri yao mapema huwafaidi marafiki kuliko zinazoificha mpaka dakika ya mwisho. Najua hili haliwapendezi wengi. Mtu analipia king'amuzi au huduma ya mtandaoni ili afichwe jambo, halafu mimi nasema heri aambiwe. Tena nitataja miisho humu ndani, kwa hiyo ambaye bado hajamaliza Severance, Adolescence au Andor na hataki kuharibiwa uhondo, aishie hapa, arudi akishatazama.

Kila kundi lina mbashiri wake. Huyu ndiye anayesimamisha picha, anairudisha nyuma kidogo, kisha ananyoosha kidole kwenye kikombe kilichohama upande wa pili wa meza. Hamtazami mama aliyefiwa. Anatazama saa ya ukutani nyuma yake. Akipatia, "si niliwaambia?" Akikosea, mwandishi kadanganya. Nampenda, maana bila yeye sehemu tatu za mwanzo za tamthilia yoyote ya upelelezi zingepita kimya. Ila mchango wake hukauka siku ileile siri inapotoka. Muulize wiki moja baadaye muuaji alisukumwa na nini: jina analo, sababu haikumbuki.

Televisheni yenyewe ndiyo iliyomlea. Tarehe 21 Machi 1980 tamthilia ya Marekani iitwayo Dallas ilifunga msimu wake kwa risasi. J.R. Ewing, tajiri wa mafuta mwenye maadui kila upande, alipigwa akiwa ofisini na mtu asiyeonekana. Mgomo wa waigizaji mwaka ule ukarefusha subira, na jibu likatoka Novemba 21, Wamarekani wapatao milioni 83 wakiwa mbele ya televisheni. Aliyempiga alikuwa Kristin, shemeji yake ambaye pia alikuwa hawara yake. Miezi minane watu waliulizana swali moja, wakalivaa hata kwenye fulana, na jibu lilipokuja halikuwa na maisha hata ya mwezi. Leo hii Dallas inatajwa kwa swali lake. Sijawahi kumsikia mtu akibishana kuhusu Kristin: alionewa au la, alistahili nini, kwa nini mwanamke yule alifika pale.

Miaka kumi baadaye, Aprili 1990, David Lynch na Mark Frost wakaileta Twin Peaks, na maiti ya msichana Laura Palmer ikiwa imefungwa kwenye plastiki. Hawakuwa na haraka ya kumtaja muuaji, na Lynch angeachiwa asingemtaja kabisa. Kituo cha ABC kikashinikiza. Muuaji akafichuliwa Novemba, msimu wa pili ukiwa bado mbichi, watazamaji wakazidi kupungua, na mwaka 1991 tamthilia ikakatwa. Wengi hukitumia kisa hiki kama ushahidi kwamba siri isitoke. Mimi nakisoma vingine. Muuaji alikuwa baba mzazi wa marehemu, ingawa tamthilia ilimpa pepo wa kumsukuma. Jibu zito namna hiyo lilitosha kulisha mazungumzo ya miaka: mji mzima uliokuwa ukipishana naye kila asubuhi, mama aliyelala naye kitanda kimoja, na hilo pepo lenyewe, je, linamtoa hatiani au ni njia ya mji kukwepa kumtazama usoni? Tatizo ni kwamba jibu liliwafikia watu waliokwisha kufundishwa kwa miezi saba kuwa wanachosubiri ni jina. Walipopewa jina, wakaona wamemaliza.

Kwa hiyo sisemi kila siri itobolewe. Siri inaweza kukaa mwanzoni, kila mtu akaijua, na inaweza kukataa kutoka milele. Inayoharibu mambo ni ile inayoahidiwa kama zawadi mwishoni mwa safari, kwa sababu hugeuza kila kitu cha njiani kuwa dalili, hata machozi.

Columbo ilishaonyesha njia nyingine zamani. Ilianza kama filamu ya televisheni mwaka 1968, ikawa mfululizo mwaka 1971, na Peter Falk ndani ya koti lake la mvua lililokunjamana. Muuaji tunamwona akiua dakika za mwanzo kabisa. Karibu kila mara ni mtu wa hadhi, daktari wa akili, mwandishi wa riwaya, kiongozi wa orkestra, anayemdharau mpelelezi kwa viatu vyake na maswali yake ya kizembe. Kwa kuwa hakuna wa kubashiriwa, kinachobaki mezani ni kiburi cha wenye nacho na namna kinavyowapofusha. Rian Johnson aliuchukua mtindo huo mwaka 2023 katika Poker Face, Natasha Lyonne akiwa mwanamke anayetambua uongo papo hapo mtu akifungua kinywa. Inachekesha na inapendeza, ingawa kila sehemu inajifunga yenyewe kiasi kwamba kesho yake huna la kuongeza.

Iliyonithibitishia hoja hii kwa uzito ni Adolescence, iliyotoka Netflix Machi 2025. Sehemu nne tu, kila moja imepigwa kwa kamera isiyokatishwa tangu mwanzo hadi mwisho. Polisi wanavunja mlango alfajiri na kumchukua Jamie Miller, mvulana wa miaka 13 anayetuhumiwa kumuua kwa kisu msichana wa shule yake, Katie. Mtoto analia, amejikojolea, anaapa hakufanya lolote. Baba yake, anayeigizwa na Stephen Graham ambaye ndiye aliyeiandika pamoja na Jack Thorne, anamwamini. Sisi pia tunamwamini. Kisha ndani ya chumba cha mahojiano polisi wanacheza video ya kamera za usalama, na yote yanaonekana. Ni sehemu ya kwanza hiyo. Imepita saa moja, na mbashiri wetu hana kazi tena.

Zimebaki saa tatu, na ndizo zilizoleta ubishi mkali kuliko tamthilia yoyote niliyoitazama na wenzangu kwa muda mrefu. Sehemu ya pili iko shuleni, ambako mpelelezi Bascombe anaambiwa na mwanawe mwenyewe kwamba zile alama ndogo za picha walizoandikiana watoto mtandaoni zina maana nyingine kabisa na ile aliyodhani yeye. Mtu mzima mwenye kitambulisho cha polisi anafundishwa kusoma na mtoto. Sehemu ya tatu ni Jamie na mwanasaikolojia, Erin Doherty, chumba kimoja, meza moja, na hasira inayopanda na kushuka bila onyo. Ya nne inawafuata wazazi na dada yake siku ya kuzaliwa ya baba, zaidi ya mwaka baada ya tukio.

Katika kundi letu wazazi walikaa upande mmoja karibu wote: walisema baba yule hakukosa lolote kubwa, hakumpiga mwanawe kama yeye alivyopigwa, alimnunulia kompyuta, alijua kwamba yuko chumbani na yuko salama. Wasio na watoto wakajibu kwamba hapo hapo ndipo kosa lilipo. Mwalimu mmoja akasema nyote mmeishika sehemu ya nne kwa sababu inawahusu, mmeiruka ya pili kwa sababu inamhusu yeye. Nilimwona ana haki. Shule katika sehemu ile ni mahali ambapo watu wazima wanapiga kelele kutwa na hakuna anayesikilizwa, na sisi tuliizungumza kwa dakika mbili.

Akazuka na mwingine: Katie yuko wapi? Jina lake tunalijua, picha tumeiona, lakini saa nne zote ni za Jamie na watu wake. Hili ni lawama la kweli kwa tamthilia nyingi za uhalifu, ambazo marehemu kazi yake ni kufa dakika ya tano. Adolescence inalijua na inalisema, maana afisa wa kike aliyefuatana na Bascombe analalamika palepale shuleni kwamba dunia itamkumbuka aliyeua, aliyeuawa atasahauliwa. Kulisema jambo kunatosha kukusamehe kulifanya? Mimi naona hapana, na naiheshimu tamthilia hata hivyo. Laiti kungekuwa na sehemu ya tano ndani ya nyumba ya kina Katie.

Wapenzi wa ufundi nao waliitaka kamera, hasa pale mwishoni mwa sehemu ya pili inapopaa kutoka shuleni, kuvuka juu ya mji na kutua mahali Katie alipouawa bila kukatika. Ni kazi ya kustaajabisha. Owen Cooper, aliyeigiza Jamie, alipata tuzo ya Emmy Septemba 2025 akiwa na miaka 15, mwanamume mdogo kuliko wote waliowahi kuipata kwa uigizaji. Waziri Mkuu wa Uingereza, Keir Starmer, aliunga mkono ionyeshwe bure katika shule za sekondari nchini mwake. Fikiria kama ingekuwa tamthilia ya "nani kaua." Nani angeipeleka darasani, na darasa lingejadili nini?

Za kisayansi zina siri ya namna nyingine. Swali la mtazamaji linakuwa "hapa ni wapi?": kanuni za dunia hii ni zipi, nani kaziweka, kwa nini mlango ule haufunguki. Na kwa kuwa dunia nzima ni ya kubuni, mbashiri anapata shamba lisilo na mipaka. Westworld ya HBO, hadithi ya bustani ya burudani yenye roboti wanaofanana na watu, iliyoanza mwaka 2016, ilikutana naye uso kwa uso. Ndani ya msimu wa kwanza watazamaji mtandaoni walikuwa wameshang'amua, wiki kadhaa kabla, kwamba kijana William na yule mzee katili mwenye nguo nyeusi ni mtu mmoja katika nyakati mbili. Mwaka 2018 watunzi wake, Jonathan Nolan na Lisa Joy, wakawatania mashabiki kwa ahadi ya kuwamwagia siri zote za msimu wa pili, na video yenyewe ikawa mzaha mtupu. Utani ulikuwa mzuri. Kilichofuata kwa macho yangu kilikuwa mbio za mwandishi kumkimbia mtazamaji: nyakati juu ya nyakati, nakala za watu ndani ya nakala. Katika msimu wa pili mazungumzo yetu yalikuwa yamegeuka masahihisho ya mtihani. Swali lililoianzisha, kama roboti anayeumia anaumia kweli, lilikuwa limezikwa chini ya michoro ya kalenda. Tamthilia ilisitishwa mwaka 2022 baada ya msimu wa nne.

Severance ingeweza kupotea njia hiyohiyo, na bado inaweza. Ila ina kitu kinachoishika. Wafanyakazi wa kampuni ya Lumon wanapandikizwa kifaa kichwani kinachogawa kumbukumbu: anayeshuka ofisini, yaani wa ndani, hajui lolote la nyumbani; anayerudi nyumbani, yaani wa nje, hajui ameshinda akifanya nini. Kanuni hii tunapewa katika sehemu ya kwanza, Februari 2022, bila kufichwa. Siri nyingine zipo tele, zile namba zinazochambuliwa kwenye kompyuta, wale mbuzi wanaofugwa ndani ya jengo la ofisi. Mbashiri amekesha na mbuzi wale miaka mitatu. Sisi wengine tumekesha na Helly, mwanamke wa ndani aliyeomba kuacha kazi akakataliwa na nani? Na yeye mwenyewe wa nje, kwa ujumbe wa video, akimwambia waziwazi kwamba hamhesabu kuwa mtu.

Hapo pana ubishi usiohitaji jibu lolote kutoka kwa mwandishi. Wa ndani ni mtu? Akiacha kazi amestaafu au amekufa? Mwisho wa msimu wa pili, Machi 2025, Mark wa ndani, mfanyakazi mwenzake Helly, anamfikisha Gemma, mke wa Mark wa nje aliyedhaniwa kufa, hadi kwenye mlango wa kutokea. Gemma anapita. Anamlilia mumewe kupitia kioo avuke. Naye anageuka, anamfuata Helly. Wenzangu waligawanyika vibaya. Kuna aliyesema ni usaliti wa ndoa, kuna aliyesema Mark yule hajawahi kumwoa mtu yeyote, umri wake ni saa za kazi tu na mwanamke aliyempenda ni mmoja. Mwenzetu aliyesomea sheria akauchukua mjadala akaurudisha nyuma kidogo, pale Helena, yaani Helly wa nje, anapojifanya Helly wa ndani na kulala na Mark ndani ya hema. Akauliza: hilo ni kosa gani? Mwili wa mwanamke ni uleule aliouridhia, lakini mwenye mwili si yule. Sheria za ulaghai katika mapenzi zimeandikwa kwa watu wenye miili miwili. Tulikaa na swali hilo muda mrefu, tamthilia ya kisayansi ikawa imegeuka ya uhalifu mbele ya macho yetu.

Na kwa kweli mpaka baina ya hizi mbili umekuwa mwembamba. The X-Files iliwapeleka maafisa wa FBI, Mulder na Scully, kuchunguza yasiyoelezeka tangu 1993. The Expanse, mwaka 2015, ilianza na mpelelezi Miller akimtafuta binti aliyepotea, na kwa nyayo zake tukaijua siasa ya mfumo mzima wa jua. Silo, tangu 2023, inamvisha fundi wa mitambo beji ya usalama ili achunguze vifo ndani ya handaki ambamo watu hawajui kilichowafikisha humo. Paradise ya Januari 2025 ni nzuri zaidi kwa ujanja huu: rais ameuawa, mlinzi wake Xavier Collins anachunguza, mtaa ni safi na tulivu, na sehemu ya kwanza inapoisha ndipo tunagundua kwamba mji wote uko chini ya mlima. Sababu ya ndoa hii ni ya kiutendaji. Dunia ya kubuni inahitaji mtu mwenye ruhusa ya kubisha kila mlango na kuuliza maswali ya kipumbavu bila kuonekana mpumbavu, na mpelelezi ndiye mtu huyo. Kwa marafiki kuna faida ya ziada. Yule anayesema "mimi mambo ya sayari siyawezi" huingia kwa mlango wa mauaji, na akishtuka yuko katikati ya hoja za ugawaji wa hewa.

Lakini tazama Paradise ilivyofanya: siri kubwa ya mahali imetoka ndani ya saa ya kwanza. Wangeweza kuivuta msimu mzima. Walipoitoa mapema, swali likawa nani alistahili nafasi humo chini na nani alichagua majina.

Andor, hadithi ya uasi dhidi ya dola katika ulimwengu wa Star Wars, imekwenda mbali kuliko zote. Tulizoea kusema steringi hafi. Huyu alikufa kabla tamthilia yake haijaanza, kwani filamu ya Rogue One ya mwaka 2016 ilishatuonyesha Cassian Andor anavyomalizika. Tony Gilroy akawa na sehemu 24, misimu miwili, 2022 na 2025, za kumpeleka kwenye kifo tunachokijua. Hakuna wa kubashiri. Kuna kuhesabu gharama. Mfano ambao umewagombanisha rafiki zangu wawili wasielewane hadi leo ni wa Luthen, mratibu wa siri wa uasi. Anajua kwamba kamanda mwenzake Kreegyr na watu wake 30 wanaelekea kwenye mtego. Akiwaonya, dola itatambua kwamba ina msaliti ndani yake, na chanzo chake kikuu cha habari kitakufa. Anawaacha waende. Mmoja anasema ni muuaji kama dola yenyewe, tofauti ni vazi. Wa pili anamwuliza: wewe ungewaonya, halafu mwakani ungepigana na nini? Nimejaribu kuegemea upande wa kwanza na kila nikiitazama tena nasukumwa kidogo upande wa pili, jambo ambalo silifurahii.

Mazungumzo haya yote yanadai sharti moja dogo: wanaozungumza wawe wamefika mahali pamoja. Hapo kampuni za kurusha tamthilia zimetutesa. Netflix ilipoachia sehemu zote 13 za House of Cards kwa mpigo Februari 2013, ilimpa kila mtu uhuru wa kutazama peke yake na ikamnyima mtu wa kuzungumza naye: wewe uko ya tisa, mwenzako ya tatu, mnapishana kama wageni. Mtindo wa wiki kwa wiki wa HBO na Apple unatuweka pamoja, ila siku saba kati ya sehemu na sehemu ndizo mbolea ya mbashiri. Andor msimu wa pili ilitoka tatu kila wiki, kwa wiki nne, na kila fungu likiwa mwaka mmoja wa hadithi. Kwetu ilifaa sana, kwa sababu tulikuwa na kitu kizima cha kushika kabla ya kukutana. Severance ilituacha kutoka Aprili 2022 hadi Januari 2025, na mgomo wa waandishi wa 2023 ukiwa sehemu ya ucheleweshaji huo. Tuliporudi nusu yetu hatukukumbuka nani alikuwa ameamshwa wapi. Kwa wale wasio na muda kabisa kuna Black Mirror, ambayo kila sehemu inasimama peke yake. "Common People," ya msimu wa saba mwaka 2025, haifiki saa moja na nusu: mwalimu mgonjwa wa uvimbe kichwani anaokolewa kwa teknolojia ya malipo ya kila mwezi, kisha kifurushi kinashushwa hadhi na anaanza kutamka matangazo ya biashara darasani bila kujijua. Tuliitazama kwenye huduma inayotutoza kila mwezi na yenye kifurushi cha bei nafuu chenye matangazo. Hakuna aliyeshindwa kuuona mkuki ulikoelekezwa.

Na adabu ya kutotoboa siri? Nimekuwa nikiikubali kwa heshima zaidi kuliko kwa imani. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld, waliwapa watu hadithi fupi, wengine wakidokezwa mwisho na wengine wasidokezwe, zikiwamo za upelelezi. Waliodokezwa walizifurahia zaidi. Tafiti za baadaye zimetoa majibu yanayopingana na hayo, kwa hiyo sitaupiga mtu kichwani utafiti mmoja. Ninachojua ni kwamba mtu anayenimwagia mtama, "Jamie ndiye aliyeua," hajaniharibia Adolescence kwa lolote. Anayenieleza kabla sijatazama kwamba baba yake ni wa kulaumiwa, huyo ameniharibia, maana kaninyang'anya hukumu yangu. Ajabu ni kwamba adabu yetu inamkemea wa kwanza na kumwacha wa pili aseme atakavyo.

Nimeiacha Pluribus hadi hapa makusudi, kwa sababu ndiyo tunayoijadili sasa hivi na haitabiriki itakwenda wapi. Vince Gilligan, aliyetupa mwalimu wa kemia aliyegeuka mpika dawa za kulevya katika Breaking Bad, alirudi Novemba 2025 na hadithi isiyo na mpelelezi wala jambazi. Ujumbe kutoka anga za mbali unaleta virusi, na karibu binadamu wote wanakuwa nafsi moja yenye furaha, isiyosema uongo na isiyoweza kuua hata mdudu kwa kukusudia. Carol Sturka, mwandishi wa riwaya za mapenzi mwenye ulimi mkali, anayeigizwa na Rhea Seehorn, ni miongoni mwa wachache sana ambao virusi havikuwashika. Mengi ya hayo tunayajua mapema. Akitaka kuuliza zaidi, nafsi ile inamjibu, kwa kuwa haijui kudanganya. Mbashiri wetu amekaa tu, amekunja mikono.

Swali ambalo hatuliachi ni kama kuna kosa lililotendeka. Mamia ya mamilioni walikufa wakati wa kuunganika, akiwamo mwenza wa Carol. Mwanasheria wetu anasema bila kusudio hakuna mauaji, na hata ukimpata mshtakiwa, mshtakiwa ni dunia nzima: nani atakaa kwenye kiti cha hakimu? Mwalimu anasema kusudio lipo, kwa sababu nafsi ile haifichi kwamba inatafuta njia ya kuwaunganisha na waliobaki, watake wasitake, ikiamini inawafanyia wema. Kisha kuna mwenzetu anayeuliza, bila aibu yoyote, ubaya uko wapi: vita vimekwisha, wizi umekwisha, hakuna mpweke. Anasema Carol ni mkorofi tu, na kwamba sisi tunamtetea kwa vile ndiye mwenye uso kwenye bango. Apple iliagiza misimu miwili tangu mwanzo, kwa hiyo muda wa kubishana tunao. Mimi niko na Carol, na katika kundi letu mpaka sasa tuko wachache.